Uso wa Bibi Stamenka

Vrelište, 5 Oktoba

Nevena mjukuu wangu,

Mimi mzima, kuku wazima, masikio ndiyo yamegoma kabisa. Kwa hiyo usinipigie tena simu ukapiga kelele kama juzi, nilisikia upepo tu. Niandikie. Miroljub wa basi anapita hapa kila siku, barua hii nampa yeye pamoja na chupa mbili za ajvar, ile rojo yangu ya hoho. Chupa uzirudishe.

Sasa nieleze. Jana nimeingia dukani kwa Rada kununua chumvi. Wanaume watatu waliokaa benchini waliponiona wakafumba midomo wote kwa pamoja, kisha wakacheka mpaka mmoja akamwaga bia yake. Nikadhani nina unga usoni. Rada akanionea huruma, akanipa simu yake nitazame. Nikajiona. Ni mimi kabisa, na aproni yangu kuukuu, mwiko mkononi juu ya sufuria la hoho, mdomo nimeukaza kama mfuko wa tumbaku. Juu yangu mwenyekiti Slavoljub ameandika maneno marefu kama mahubiri, na chini yake nipo mimi, bila neno.

Rada anasema picha hiyo umeiweka wewe. Anasema kijiji kizima wanayo, na hata mijini wanaitumia watu wasionijua. Miaka sabini na nane sijawahi kutukanana na mtu njiani, leo natukanana mchana kutwa na wala sijui nimesema nini. Uliniuliza? Nimekulea tangu una miaka sita, nimekuogesha mtoni kwa mikono hii, na wewe umenigeuza kikaragosi.

Jibu upesi.

Bibi yako,
Stamenka


Niš, 8 Oktoba

Bibi yangu,

Nakubusu mkono, na ukinipiga nao pia sawa.

Unakumbuka mwezi wa sita Slavoljub alipotangaza kwamba mto wetu Studenka utaingizwa kwenye bomba? Kilomita tatu, kuanzia kinu cha zamani mpaka darajani, ili wenye kampuni waendeshe mtambo wao wa umeme. Aliandika hayo kwenye ukurasa wa kijiji mtandaoni, nami nikamjibu. Aya tano, Bibi. Nikaeleza habari za samaki, bustani, visima. Wakanijia watu kumi. "Wewe si ulikikimbia kijiji? Kachonge meno ya watu huko Niš, utuachie yetu." Nikijibu moja wanaleta matano. Nilifikia mahali nikawa nakosea kazi, fundi mkuu akanirudishia seti nzima ya meno ya bandia ya mzee mmoja kwa sababu niliyapanga kama ya farasi.

Siku moja Slavoljub akaandika: "Mto hautapotea, utapumzika tu ndani ya bomba." Nikafungua picha zangu, nikakutana na ile niliyokupiga mwaka jana tukipika hoho. Nikaiweka. Sikuandika hata herufi. Saa moja haikuisha, watu mia tatu walikuwa wamecheka, na yeye alinyamaza siku mbili. Slavoljub, siku mbili!

Ukimjia kwa hoja anakuletea makaratasi. Ukimtukana anasema huna malezi. Lakini uso wako ataujibu nini? Sasa kila wakisema upuuzi, watu wanakuweka wewe. Wakisema bomba litaongeza samaki, wewe. Wakisema vumbi la ujenzi lina faida kwa mapafu, wewe. Hapa kazini kwetu kuna mtu alileta kisingizio cha kuchelewa, mwenzake akamtumia wewe, na wala hajui kuwa ni bibi yangu.

Ni uso wa dharau ambao sijapata kuuona kwa binadamu mwingine. Siombi radhi. Haya, naomba kidogo, kwa kutokuuliza.

Wako,
Nevena


Vrelište, 13 Oktoba

Nevena,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilikwenda kwa Rada nikamwambia anionyeshe yote toka mwanzo. Akaniandikia kwenye karatasi ya kufungia jibini yale aliyosema Slavoljub, akanionyesha mimi. Akaandika mengine, akanionyesha mimi. Tulipofika pale mto unapopumzika, nilicheka mpaka meno uliyonitengenezea yakatoka.

Lakini unapigana bila mpango. Huwezi kumjibu mtu kila siku kwa uso mmoja, atauzoea kama ng'ombe anavyozoea fimbo. Rada amenipiga picha nyingine nne, atakutumia. Ile ya kwanza nimemshika kuku kichwa chini: hiyo mpe anayesema wataalamu wametuhakikishia. Ile niliyogeuza mgongo ni ya mpwa wake Slavoljub, huyo hastahili uso. Pale nilipokaa kinuni na miguu majini, waache waone maji. Ya shoka iweke akiba.

Ile ya mwiko iondoe. Usiniulize kwa nini, iondoe tu.

Na lingine. Mkutano wa kijiji ni Jumapili tarehe 2 Novemba, kesho yake baada ya kuwakumbuka marehemu makaburini. Kura ya bomba ni ya kuinua mikono ukumbini. Mimi na Rada tumepita nyumba kwa nyumba: wao hamsini, sisi hamsini. Wewe bado umeandikishwa hapa, kwenye nyumba ya baba yako, na hujakanyaga tangu mwaka jana. Picha haiinui mkono, mwanangu.

Bibi


Niš, 17 Oktoba

Bibi jemadari,

Kuku amefanya maajabu! Mtu wa kampuni aliandika kwamba wataalamu wamehakikisha kila kitu, nikamwekea kuku, na mwanamke mmoja asiyenijua akaongeza tu, "Na kuku naye alihakikishiwa." Yule mtu akafuta maneno yake yote. Mpwa wa Slavoljub nimempa mgongo mara tatu, sasa anakasirika kweli, anauliza kwa nini wengine wanapewa uso. Ya miguu majini watu wameipenda kwa namna nyingine. Wengi waliandika tu majina ya mito ya kwao.

Ile ya mwiko siwezi kuiondoa, Bibi. Ndiyo silaha yetu. Watu wameichapa kwenye fulana. Ukiniambia niiondoe wiki mbili kabla ya kura, ni sawa na kuniambia nitupe bunduki nipigane kwa maua.

Tarehe 2 sidhani kama nitapata ruhusa. Nina seti nane za meno mezani na fundi mkuu ananuna. Usijali, nitawachapa kutoka hapa hapa. Nikiwa na simu mkononi mimi ni kikosi kizima.

Nevena


Vrelište, 25 Oktoba

Nevena,

Nakuandikia nikiwa marehemu.

Jana asubuhi nilikuwa uani namenya hoho, mara namwona wifi yangu Jagoda anaingia, kavaa nyeusi tupu. Ametoka ng'ambo ya kilima kwa miguu, na magoti yake yale, mshumaa mkono mmoja, kahawa na sukari za msiba mkono wa pili. Analia kwa sauti hata mimi nikasikia. Aliponiona akasimama. Akanipigia kelele sikioni, "Stamenka, si umekufa wewe?" Nikamwambia, "Labda, mimi sijaambiwa." Akanipiga na mfuko wa sukari, ukapasuka, tukakaa chini kwenye sukari tukalia wote wawili kama wajinga.

Baada yake wakaja wengine, kitongoji chote cha juu. Mmoja kaleta ngano ya kuchemsha ya msiba, ingali moto. Mzee Vitomir, ambaye hajasema nami tangu tugombane kwa sababu ya mpaka, alivua kofia getini, akaniona, akaivaa tena, akaondoka. Sasa nina kahawa ya miezi sita.

Wamebandika tangazo la kifo changu. Liko mlangoni kwa Rada, kituo cha basi, na kila nguzo mpaka kanisani. Mstari mweusi pembeni, msalaba juu, na katikati ile picha yako ya mwiko. Chini yake: "Stamenka, miaka 78, ametutoka baada ya kuugua kwa muda mfupi maradhi ya kujiingiza yasiyomhusu. Maziko ni tarehe 2 Novemba." Wenye simu wanasema ni mzaha, kwamba watu wa Slavoljub na wao wamejibu kwa picha. Lakini kitongoji cha juu hawajui michezo ya simu, na kwenye nguzo za hapa hajawahi mtu kudanganya. Aliyebandikwa amekufa, basi. Hawasomi mpaka chini. Wanaona uso na msalaba, wanavua kofia, wanakwenda kununua kahawa.

Karatasi zote zina mstari wa kijivu upande wa kushoto, kama uliopo kwenye tangazo la mkutano. Mashine ya kuchapa ya ofisi ya kijiji ina mstari huo tangu Pasaka. Sisemi zaidi.

Lakini lililoniuma ni hili. Karani Dobrila, ambaye miaka thelathini anafuta majina daftarini kwa kusoma nguzo akienda kazini, amenifuta. Kwa wino. Simo kwenye orodha ya kura, na bila mimi tumebaki arobaini na tisa.

Sasa nitakuambia habari ya ile picha. Siku ile ulikuwa umekaa kwenye ngazi za mlango, unatafuna mkate, ukasema, "Bibi, ukishaondoka wewe nitaiuza nyumba ya baba, nani atakaa huku?" Ukasema hivyo kama unazungumzia mvua. Nikafumba mdomo nisilie mbele yako. Ukanipiga picha, ukacheka. Dharau gani, mwanangu? Nilikuwa najizuia. Watu wote hao wanamcheka Slavoljub kwa kilio changu.

Kupigana sikulaumu. Nakulaumu kwa kupigana ukiwa umekaa.

Stamenka


Vrelište, 27 Oktoba

Kwa Mwenyekiti wa Kijiji, Slavoljub,

Mimi marehemu Stamenka nakuandikia kukujulisha kwamba maziko yangu nimeyaahirisha. Nadai nirudishwe daftarini kabla ya Jumapili.

Slavoljub, ulipokuwa na miaka saba nilikutoa Studenka kwa kukuvuta nywele, umeshabadilika rangi. Ningejua kwamba utakuja kuutia mto huo kwenye bomba, ningekuvuta vile vile, maana mama yako alikuwa rafiki yangu. Ila ningekuvuta kwa nguvu zaidi.

Nasubiri jibu kwa maandishi. Mimi ni kiziwi, na nasikia marehemu wote wako hivyo.

Stamenka


Ofisi ya Kijiji, Vrelište, 28 Oktoba

YAH: HALI YA UHAI

Ofisi imepokea barua yako na inasikitika kwa usumbufu. Ofisi haijui ni nani aliyebandika tangazo hilo.

Kwa kuwa jina limekwisha kufutwa kwa utaratibu wa kawaida, mhusika atarudishwa akileta cheti cha uhai kutoka mjini. Dirisha la vyeti limefungwa hadi Jumatatu tarehe 3 Novemba. Vinginevyo, ndugu wa damu aliyeandikishwa kijijini afike mwenyewe mbele ya mkutano na kuthibitisha. Kwa kumbukumbu zetu ndugu huyo ni mmoja, anaishi Niš, na hajaonekana zaidi ya mwaka.

Picha ya mtandaoni haitapokelewa kama uthibitisho.

Slavoljub,
Mwenyekiti


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa penseli)

Nevena, soma upande wa pili. Jagoda ni wifi, damu yake haihesabiki. Mimi nitakwenda Jumapili hata wakinifungia mlango, nitakaa nje na mwiko wangu. Sikuombi. Nakuarifu tu.

Bibi


Niš, 30 Oktoba

Bibi,

Sina picha ya kukujibu.

Nimetafuta. Ninazo mia mbili humu, za paka, za watoto, za mawaziri wanaosinzia, kila hasira ina picha yake. Kwa barua yako haipo hata moja, kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu. Ya mwiko nimeifuta kwangu. Lakini haikuwa yangu tena, Bibi. Iko kwa watu wote hao, na leo asubuhi nimeiona kwa mtu anayebishana kuhusu mpira. Nilikuwa naitazama kila siku miezi minne na sikukuona.

Nilikudanganya. Ruhusa nilikuwa nayo, fundi mkuu alinipa tangu mwanzo wa mwezi. Naogopa. Mtandaoni mimi ni simba, ila nikiwaza ule ukumbi, wale watu kwenye viti vya mbao wakigeuka kunitazama, "huyu hapa aliyekimbia," natafuta kisingizio cha kubaki Niš. Huko hakuna picha ya kujificha nyuma yake. Slavoljub anajua hilo. Ameandika barua ile akijua mimi ni mtu wa namna gani, na hilo ndilo linalonichoma kuliko tangazo lenyewe.

Basi, amekosea. Nakuja Jumamosi na basi la Miroljub. Tutaanza kwa baba makaburini, tuwashe mishumaa, halafu Jumapili twende ukumbini. Siandiki chochote kwenye ukurasa wao, wacha wadhani nimenyamaza. Mwambie Rada akina mama wote waje, na wasije mikono mitupu.

Kahawa usinunue.

Nevena


Vrelište, 4 Novemba

Mjukuu wangu,

Ulivyokimbilia basi umesahau skafu yako ya bluu. Naivaa mimi.

Ulikuwepo, lakini macho yako yalikuwa yamejaa maji na sidhani kama uliona hata nusu yake, kwa hiyo nakusimulia. Dobrila aliposoma majina akaruka la kwangu, kimya kilikuwa kikubwa hata mimi nilikisikia. Ukasimama. Slavoljub akakuuliza, kama mtu anayemuuliza mgeni, una uthibitisho gani. Wengine walicheka. Rada alikuwa ananiandikia kila neno gotini, nami karatasi ile ninayo, imo kwenye kitabu cha sala: "Mimi ni Nevena, wa nyumba ya karibu na kinu. Huyu ni bibi yangu, yu hai, na mimi nitakaa kwenye nyumba ya baba yangu, siiuzi." La nyumba hakuna aliyekuuliza. Ulilisema mwenyewe. Dobrila akachukua kalamu, akaniandika tena daftarini.

Halafu Slavoljub akasoma habari za bomba, akafika kwenye maslahi ya wote, na hapo Rada akafumba mdomo. Jagoda akafumba. Nikageuka nikaona safu nzima nyuma yangu, wanawake wa juu na wa chini, midomo imefumbwa, na kila mmoja anatoa mwiko kwenye mkoba. Namjua Slavoljub tangu tumboni, sijawahi kumwona akipoteza mahali alipofika kwenye karatasi. Alipoita wanaopinga, ikainuka miiko. Akasema mwiko si mkono. Basi tukaishusha, tukainua mikono.

Hamsini na saba kwa arobaini na nne! Wao hamsini walikuwa na hakika nao, na sita kati yao wamewakimbia. Mzee Vitomir ni mmojawapo. Jana alikuja getini, nikampelekea karatasi na penseli. Akaandika kwamba mambo ya bomba hayajui, lakini alinililia njia nzima kutoka kule juu, na mtu hachezewi machozi yake. Kisha akaanza tena habari ya mpaka. Kampuni wamesema watakata rufaa. Wakate, miiko tunayo.

Sasa ungama la bibi yako. Uliposema lile la nyumba, ulikaa ukafumba mdomo, ukaukaza, macho mbele. Nikamfinya Rada, akakupiga picha. Sikukuuliza. Jana ameichapa mjini, kubwa, na mimi mwenyewe nimekwenda na gundi mpaka nguzo iliyo mbele ya ofisi ya kijiji, nikaibandika juu ya lile tangazo langu. Jagoda alinishikia ngazi.

Watu wanasema ni uso wa dharau, kwamba mjukuu kamrithi bibi. Nawaacha waseme. Sikuandika neno chini yake, kama ulivyonifundisha.

Slavoljub anapita hapo kila asubuhi akienda kazini. Anavua kofia kwa mazoea, kisha anaona ni wewe, na hajui airudishe au abaki nayo mkononi.

Paa lako linavuja upande wa jikoni, njoo kabla ya theluji. Na chupa za ajvar hukurudisha.

Bibi yako, aliye hai kwa wino wa Dobrila,
Stamenka